Stima ikipotea Uthiru, panda juu ya ploti

Stima ilipotea saa mbili na robo usiku, Februari. Unaijua ile sauti. Mtaa mzima unasema "aaah!" kwa pamoja kama vile Harambee Stars wamekosa penalti, halafu jenereta ya baa kule stegini inaanza kukohoa. Nilikuwa nahariri video ya mteja, na betri ya laptopu yangu ikiachwa bila chaja hudumu dakika kumi, tena ikijitahidi. Nikaifunga. Nikachukua binokula zangu za Gikomba nikapanda ngazi hadi juu ya ploti, pale tunapoanika nguo.

Kama wewe ni wa Uthiru, unajua kwamba usiku wa kawaida huko juu hakuna cha kuona. Upande wa mashariki kuna Kangemi, na nyuma yake Westlands, na anga la huko lina rangi ya chai ya maziwa usiku kucha. Waiyaki Way inapita hapo chini na taa zake. Halafu kuna mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wenye taa kubwa kubwa, ambao kwetu unamulika mwizi, paka, shati langu kwenye kamba na kila kitu kilicho chini ya mawingu. Siku hiyo vyote vilikuwa vimelala. Nikainua kichwa na kuona kitu ambacho kwa miezi mingi nilikuwa nakisoma tu kwa simu.

Nataka nikuonyeshe kitu hicho. Hakitaki doo, kinataka giza tu.

Msimu wake ni kati ya Desemba na Machi. Mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, simama mahali penye giza uangalie juu kabisa, karibu utosini. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja kama abiria kwenye foleni. Huo ni mkanda wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Kutoka kwa hizo tatu, telemka kidogo upande wa kusini. Kuna nyota nyingine hafifu zinazoning'inia pamoja, kama upanga kiunoni. Ile ya katikati ikodolee macho. Haina ncha kali kama wenzake. Ina ukungu. Utadhani macho yako yana shida.

Hayana. Huo ukungu ni nebula, wingu la gesi na vumbi lenye upana wa miaka-nuru kama 24, na ndani yake nyota zinazaliwa wakati huu tunaongea. Mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima. Wingu lenyewe liko umbali wa miaka-nuru 1,340 hivi, kwa hiyo mwanga ulioingia machoni mwangu juu ya ploti uliondoka huko katika karne ya 7. Ule msikiti mdogo wa kwanza wa Shanga, kule kisiwani Pate, ulikuwa bado haujajengwa.

Sasa swali nililokuwa nalo mimi ni hili: wingu la gesi halina moto, mbona linawaka?

Linawashwa. Katikati yake kuna nyota nne zilizobanana, na moja kati ya hizo nne ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Jina lake ni baya kama nambari ya mita: Theta1 Orionis C. Tuiite C, tusichoshane. Jua letu lina joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi usoni. C ina zaidi ya 38,000. Nyota yenye joto la namna hiyo haimwagi tu mwanga wa kuonekana, inamwaga miale ya urujuanimno, ile ambayo kiasi chake kidogo kutoka kwa jua hutuchoma ngozi tukikaa Diani bila kofia. Miale hiyo inapasua atomu za haidrojeni kwenye wingu, inazing'oa elektroni zake, na elektroni zikirudi nyumbani zinatoa mwanga. Huo ndio ukungu unaouona. Ukizima C leo, nebula yenyewe itafifia.

Hadi hapo nilikuwa nimeelewa. Kilichonikalisha chini ni kugundua kwamba C si moja.

Ni mbili. Kuna kubwa yenye uzito wa jua kama 34, na mwenzake mwenye uzito wa jua 10 na ushei, zinazungukana, na mzunguko mmoja huchukua miaka 11 na miezi kadhaa. Njia yao si duara safi, imenyooka kama yai. Zikiwa mbali, nafasi kati yao inakaribia ile iliyopo kati ya jua na sayari ya Neptuni. Zikikaribiana, inapungua hadi chini ya umbali wa jua na Zohali. Halafu zinaachana tena. Ukianza fomu wani zikiwa karibu, zitakapokaribiana tena utakuwa mtu mzima unayedaiwa kodi ya nyumba.

Na watu wamejuaje? Hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu ndipo patamu. Watu wameangalia nyota hii kwa darubini tangu zamani. Mfaransa anayeitwa Peiresc aliona wingu mwaka 1610. Galileo alichora nyota tatu kati ya zile nne mwaka 1617, na C ilikuwa mojawapo. Miaka karibu 400 ikapita, kila mtu akiona nukta moja. Mwaka 1997, Gerd Weigelt na wenzake walitumia darubini ya mita 6 iliyoko Urusi, wakapiga picha nyingi za haraka haraka ili kushinda ule mtetemo wa hewa unaofanya nyota zimeremete, na kompyuta ikazipatanisha picha hizo. Wakatangaza mwaka 1999: kuna mwenzake. Pengo kati ya hizo mbili, likitazamwa kutoka huku, lilikuwa dogo kiasi hiki: chukua matatu, iegeshe Beijing, iwashe taa zake mbili za mbele, kisha wewe ukiwa Uthiru useme ni taa mbili wala si moja. Nimepiga hesabu hiyo mwenyewe mara tatu kwa kikokotoo cha simu. Inakubali.

Baada ya hapo kikundi kikaunganisha darubini kadhaa za kule Chile zifanye kazi kama darubini moja kubwa, wakafuatilia zile mbili mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2009 wakaichora njia yao. Ukishajua njia na muda wa mzunguko, unajua uzito. Ndiyo mizani pekee ya nyota tuliyo nayo inayostahili kuaminiwa: mbili zikivutana, moja inampima mwenzake. Nyota ya upweke unaikisia tu.

Niseme ukweli wangu hapa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu unazijua, ni zile zile, karo na aibu ya kuomba karo. Kwa muda mrefu nilidhani vitu kama hivi vina geti na soja, na kwamba mimi kitambulisho changu kilikwisha muda. Kumbe ripoti za wanasayansi hao ziko kwenye arXiv, bure kabisa, unahitaji bando tu. Ya kwanza niliisoma wiki mbili. Sikuelewa nusu yake. Lakini michoro niliielewa: nukta moja ya mwaka huu, nyingine ya mwaka ule, zikipinda taratibu kuzunguka kitu. Kuna msee aliniuliza kama hizo nyota zinanilipa. Hazinilipi. Wala yeye Arsenal haimlipi.

Turudi kwa C. Ile kubwa ina mwanga wa jua kama laki mbili. Sasa fikiria kama dereva. Tangi lake la mafuta ni mara 34 ya tangi la jua, lakini linakunywa mara laki mbili. Jua letu limewaka miaka bilioni 4.6 na bado liko nusu safari. C itamalizika ndani ya miaka milioni chache. Wataalamu wanakadiria umri wa nyota za kundi hili kuwa kati ya miaka milioni 1 na 3. Yule Kijana wa Turkana, mifupa yake iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, aliishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Ni rika. Kwa nyota, huo ni utoto, lakini kwa nyota kubwa namna hii ni utoto unaokula muda wote uliopo.

Ikiisha, italipuka. Na mwenzake je? Jozi za nyota nzito zikipoteza mmoja, anayebaki anaishi vipi?

Jibu la kwanza la swali hilo lilipitia Malindi. Sifanyi mzaha. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama ndani ya bahari kule Ngomeni, Waitaliano na shirika la NASA la Marekani walirusha setilaiti ndogo. Walichagua pwani yetu kwa sababu iko karibu na ikweta: huku dunia inazunguka kwa kasi zaidi na kuisukuma roketi, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa miale mingi ya kuharibu vipimo. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei angani, ambazo haziwezi kupenya hewa yetu, kwa hiyo lazima upande juu ya hewa uzifuate. Haikuwahi kuwepo setilaiti nyingine ya kazi hiyo peke yake. Na kwa vile siku ya kurushwa ilikuwa Jamhuri Dei, miaka 7 tangu tupate uhuru, waliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Nimeketi darasani katika nchi hii tangu nasari, nimeimba kila Jamhuri Dei, na habari hii nilikuja kuipata kwa simu nikiwa kwa foleni ya kinyozi. Sijui wewe.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo ni Cygnus X-1. Kabla ya hapo roketi zilikuwa zimekiona kwa dakika chache tu. Uhuru ilikaa juu na kutazama, ikaonyesha eksirei zake zikipanda na kushuka ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja. Kitu kinachobadilika haraka hivyo ni lazima kiwe kidogo. Darubini za ardhini zikaelekezwa pale, na mwaka 1972 ikajulikana kwamba pana nyota nzito ya buluu, ya moto, ndugu wa C kabisa, inayozunguka kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Hicho kisichoonekana ni shimo jeusi. Ilikuwa nyota hapo zamani. Hesabu za mwaka 2021 zinaipa uzito wa jua 21. Eksirei zinatoka kwa gesi ya yule aliye hai ikiporomoka kuelekea kwa aliyekufa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

C na mwenzake hawako karibu kama wale wa Cygnus, kwa hiyo usinukuu mimi kwamba wataishia vile vile. Nasema tu kwamba jozi za namna hii zina historia, na sehemu ya historia hiyo iliondokea bahari ya Ngomeni.

Lakini kuna jambo lingine kuhusu C ambalo limenikaa kichwani zaidi ya mashimo meusi. Ni majirani zake.

Ndani ya nebula ile kuna nyota ndogo ndogo, changa, na nyingi zimezungukwa na sahani za gesi na vumbi. Sahani hizo ndizo zinazogeuka sayari. Dunia yetu ilianza hivyo. Darubini ya anga ya Hubble, miaka ya 1990, ilianza kuzipiga picha, na sasa zinajulikana zaidi ya 150. Ukiziona picha hizo utashtuka. Zile zilizo karibu na C zina umbo la kiluwiluwi: kichwa kinang'aa upande unaoielekea C, na mkia umekimbilia upande wa pili. Mkia huo ni gesi ya sahani ikichemka na kupeperuka. Mwanga wa C unaichoma. Yaani kuna nyota ndogo pale ambayo ingepata sayari zake, lakini jirani yake mkubwa anamaliza unga kabla ugali haujasongwa.

Mwaka 2024 watafiti wanaotumia darubini ya James Webb walichapisha vipimo vya sahani moja humo, kuzunguka nyota ndogo kuliko jua. Gesi inaondoka kwa kasi ambayo huenda isiruhusu sayari kubwa kama Mshtarii kuumbika pale. Ungedhani kisa kimeisha hapo. Ila mwaka mmoja kabla, kwenye sahani hiyo hiyo, walikuwa wameona molekuli ya kaboni na haidrojeni ambayo haikuwahi kuonekana nje ya mfumo wetu wa jua. Ni molekuli inayosaidia kemia ya kaboni kuanza kujenga vitu vikubwa zaidi, na nguvu ya kuitengeneza inatoka kwa miale ile ile inayoichoma sahani.

Nilipoisoma hiyo nilimfikiria mathe. Kabla mulika mwizi haujawekwa kwetu, aliporwa mara mbili akitoka stegi ya 87, mara ya pili wakamsukuma mtaroni na mkono ukateguka. Tangu taa iwashwe anatembea saa tatu usiku akiongea kwa simu. Kwa hiyo ukinisikia nalilia giza, ujue siombi mlingoti ung'olewe. Mimi nikisema hivyo nyumbani sitapewa chapati. Ninachouliza ni kwa nini taa iliyowekwa kumulika njia inamulika mawingu. Ikifunikwa juu kwa kofia ya bati, mwanga wote unashuka chini pale mathe anapopita, na Jabari anabaki na anga lake. Fundi wa kuchomelea pale barabarani angetengeneza kofia hiyo kwa siku moja.

Na nina haraka, kwa sababu ploti ya jirani upande wa mashariki inajengwa. Imefika ghorofa ya tano, nondo bado zimechomoza juu, na kila mtu anajua maana ya nondo zilizochomoza. Jabari huchomoza upande huo huo.

Nimalizie ile Februari. Nilikuwa nimelala chali kwenye saruji, binokula machoni, nikasikia mlango wa ngazi. Keyateka. Alikuwa ametangaza kwamba juu pafungwe saa mbili tangu jinzi za mtu wa nyumba ya tatu zipotee kambani, kwa hiyo nilijua nimepatikana.

"Kijana, unafanya nini huku gizani?"

"Naangalia nyota, mzee."

"Nyota."

Nikampa binokula. Nikamwelekeza: tatu za mkanda, shuka kusini, ile yenye ukungu. Alihangaika, akaziona nyaya, akaona tangi la maji la jirani, akanuna. Halafu akanyamaza. Binokula zangu ni za bei ya chini, haziwezi kuzitenganisha zile nne, sembuse zile mbili. Lakini ukungu unauona vizuri, kijivu chenye ukijani kidogo, na nukta ndani yake.

"Hii ni kama moshi," akasema.

"Ni gesi. Hiyo nukta ndiyo inaiwasha. Halafu si moja, ziko mbili."

"Mimi naona moja."

"Hata Galileo aliona moja."

"Huyo ni wa wapi?"

Kabla sijamjibu mtaa mzima ukapiga kelele, "eeeeh!" Stima imerudi. Mulika mwizi ukakohoa, ukawa wa zambarau, kisha mweupe, na keyateka bado ameinua binokula juu akiuliza mbona nimeisogeza. Sikuwa nimeisogeza. Akasubiri kidogo, akanirudishia, akasema mlango wa juu atauacha wazi siku zile stima imepotea, siku nyingine la.

Nikashuka. Mteja alikuwa amenipigia mara nne.